Mbinu na Mwenyewe: Kuhukumu Mapambano ya Kubuni kwa Mfano wa Iliad

Katika kuhakiki kazi zenye mapambano, yaani zile ambamo watu wawili hupandishwa ulingoni na wengine wakazunguka kutazama, limezoeleka swali moja: nani mkali? Swali hili si baya kwa mtazamaji. Mtazamaji kaja kuona ngumi, mwache azione. Lakini mhakiki akilibeba swali hilohilo mpaka kwenye karatasi yake, hapo ndipo mambo yanapoharibika. Semina zetu ni shahidi wa kutosha. Kundi moja litasema mhusika fulani ni bora kwa kuwa ameshinda. Kundi la pili litajibu kwamba kashinda kwa kupendelewa na mwandishi, maana mpinzani wake alikuwa na nguvu zaidi. Na kipindi kitakwisha hivyohivyo kama ubishi wa Simba na Yanga, bila mtu kuuliza ushindi wenyewe umetoka wapi.

Makala haya yanapendekeza kigezo kingine. Nionavyo mimi, mbinu ya mpiganaji wa kubuni haihukumiwi kwa kuuliza kama imefaulu. Huhukumiwa kwa kuuliza kama imetoka ndani ya huyo aliyeitumia, kiasi kwamba mwingine yeyote katika mashindano yaleyale asingeifikiria, au angeifikiria akaona haya kuitumia. Pili, huhukumiwa kwa kuuliza kama imemgharimu. Tabia inayompa mtu mbinu haina budi kumpa na udhaifu wake, vinginevyo hiyo si tabia bali ni silaha tu aliyokabidhiwa na mwandishi.

Msingi wa hoja hii si mgeni. Aristotle katika Poetics aliutanguliza msuko wa matendo mbele ya tabia, na wengi wetu tumeikariri sentensi hiyo kwa ajili ya mtihani tukaishia hapo. Lakini yeye huyohuyo alieleza kwamba tabia ni kile kinachodhihirisha uchaguzi wa mtu. Basi ni wapi mtu huchagua waziwazi kuliko ulingoni? Vitani kuna vumbi, kuna usiku, kuna kundi linalokusukuma. Kwenye mashindano kuna duara, kuna sheria, kuna zawadi imewekwa pale kila mtu anaiona, na kuna mwamuzi. Mwandishi hana pa kujificha. Mhusika akichagua kwenda kushoto badala ya kulia, ni yeye.

Njia nyepesi ya kukitumia kigezo hiki ni kuwabadilisha wapiganaji. Chukua mbinu ya huyu, mvike yule, uone kama inamkaa. Wengi tumeiona filamu ya Enter the Dragon ya mwaka 1973. Bruce Lee, akiwa njiani kwenda kwenye mashindano ya kisiwani, anachokozwa na jabari mmoja chomboni. Hampigi. Anamshawishi washuke kwenye mtumbwi wakapiganie nchi kavu. Jabari akishatangulia kushuka, Lee anailegeza kamba, mtumbwi unabaki unaelea nyuma ya chombo, na kamba anawakabidhi vijana wa chomboni. Sasa mpe nafasi ileile Roper, yule mcheza kamari mwenye madeni. Nina hakika angetafuta kwanza mtu wa kuweka naye dau. Mbinu ya Lee haimkai. Hapo unajua kwamba mtunzi alikuwa na mtu kichwani, hakuwa na mateke peke yake.

Tuje kwenye mfano wetu mkuu. Kitabu cha 23 cha Iliad, utenzi unaonasibishwa na Homer, kinaeleza mashindano yaliyoandaliwa na Achilles kumwomboleza rafiki yake Patroclus aliyeuawa na Hector. Kuna mashindano manane: mbio za magari ya farasi, ngumi, mieleka, mbio za miguu, pambano la silaha, kutupa bonge la chuma, kulenga shabaha kwa upinde, na kutupa mkuki. Matatu kati ya hayo ni mapigano ya mtu na mtu, na ndiyo yatakayotushughulisha hapa, ingawa nitachungulia na mengine pale yanaponifaa.

Ngumi ndizo fupi. Mshindi atapata baghala wa miaka sita, yaani mzao wa punda na farasi, ambaye bado hajafundishwa kazi. Atakayeshindwa atapata kikombe cha masikio mawili. Anasimama Epeius, anamwekea baghala mkono juu, na kutangaza kwamba anayetaka kikombe aje, baghala ameshapata mwenyewe. Kisha anasema jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio: kwamba yeye vitani si mtu wa kutajwa, na haiwezekani mtu mmoja akawa fundi wa kila kitu. Halafu anaahidi kupasua ngozi na kuvunja mifupa, na anashauri ndugu wa mpinzani wakae karibu ili wapate kumbeba. Kimya kinatanda. Anajitokeza mmoja tu, Euryalus.

Watu husema Epeius ni mpiga domo. Ndiyo, lakini tazama lile domo limefanya kazi gani. Katika jeshi lenye majabari wa kila namna, amebakisha mpinzani mmoja. Maneno yake ndiyo konde la kwanza. Tena angalia yametungwa na nini: na aibu yake mwenyewe. Mtu anayekiri mbele ya jeshi zima kwamba vitani ni mdogo ameitangulia dharau kabla haijamfikia, na anapoongeza kwamba kwenye ngumi ni mkubwa, anaaminika. Nani mwingine pale angeweza kulitumia hilo? Diomedes hawezi kukiri kwamba vitani ni mdogo, maana ni uongo. Ajax hawezi, maana asingeweza kulitamka. Mbinu hii inamkaa Epeius peke yake.

Na inamgharimu. Euryalus anaanguka kwa konde moja la shavuni pale alipokuwa akichungulia nafasi, na Epeius, baada ya vitisho vyote vile, anamdaka na kumsimamisha kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna mtu mwovu pale. Kuna mtu mwenye kipaji kimoja. Baadaye, kwenye kutupa bonge la chuma, Epeius huyuhuyu anajitokeza, anatupa, na jeshi zima linacheka. Mshairi hakumsahau. Aliyesema kwamba mtu hawezi kuwa fundi wa kila kitu anathibitishiwa maneno yake mbele ya watu. (Ufundi wake mwingine tunausikia katika Odyssey: ndiye aliyelijenga farasi la mbao lililoiangusha Troy.)

Sasa mieleka, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kilele cha kitabu hiki. Zawadi ya mshindi ni chungu kikubwa cha miguu mitatu chenye thamani ya ng'ombe kumi na wawili. Atakayeshindwa atapewa mwanamke hodari wa kazi nyingi, naye amekadiriwa ng'ombe wanne. Chungu kumi na wawili, mtu wanne! Mhakiki wa leo akiipita hesabu hiyo kimya atakuwa amejifanya kipofu. Nitairudia mbele kidogo.

Wanasimama Ajax mwana wa Telamon, mkubwa wa mwili kuliko Wagiriki wote, na Odysseus, mjanja kuliko wote. Wanakamatana kama pau mbili zilizofungwa na fundi paani. Migongo inalia, jasho linatiririka, michirizi ya damu inaiva mbavuni na mabegani. Hakuna anayemwangusha mwenzake. Watazamaji wanaanza kuchoka. Hapo Ajax anasema neno: ama wewe uniinue, ama mimi nikuinue, na yatakayofuata tumwachie Zeus.

Hebu tulitazame pendekezo hili kwa makini, kwani wapo wanaoliita ujinga. Mtu mwenye nguvu zaidi anampa mpinzani wake zamu! Lakini hiyo ndiyo mbinu pekee ambayo Ajax anayo. Anaamini kwamba pambano ni mizani: weka mzigo huku, weka mzigo kule, uzito utasema. Kwa kuwa anajua uzito wake, haogopi kutoa zamu. Katika kuitoa anadhani ametengeneza haki. Hajui kwamba amefungua mlango. Odysseus anainuliwa, na akiwa palepale hewani anampiga Ajax nyuma ya goti. Ajax anaanguka chali, Odysseus juu ya kifua chake. Umati unashangaa.

Wako wanaosema mtama ule ni hila ya nje ya mchezo. Sioni ushahidi. Hakuna mtu katika jeshi anayelalamika, wakati kwenye mbio za magari Menelaus analalamika kwa sauti kubwa kwamba Antilochus kampita kwa hila mahali pembamba, mpaka anamtaka ale kiapo na kijana yule akaona bora amtoe farasi aliyeshinda. Jeshi hili linajua kulalamika. Kwa mtama wa Odysseus halikulalamika, lilishangaa tu.

Kitu ninachowaomba wenzangu wakiangalie ni raundi ya pili, ambayo husahaulika. Zamu sasa ni ya Odysseus kuinua. Anajaribu. Anamsogeza Ajax kidogo tu kutoka ardhini, haweza zaidi. Basi anatia goti lake, wote wawili wanaanguka ubavu kwa ubavu, vumbi limewajaa. Kama mshairi angetaka kutuambia tu kwamba akili hushinda nguvu, angeishia raundi ya kwanza. Sisi tuliolelewa na hadithi za Sungura tunayo kasoro hii: tukimwona mjanja mbele ya mkubwa tunajua mwisho wake, na tunapiga makofi kabla. Sungura hutoka na asali, Fisi hubaki na kipigo, na siku ya pili mambo ni yaleyale. Ujanja wa Sungura haumgharimu kitu, au mara chache sana. Wa Odysseus una mpaka, na mpaka wenyewe ni kilo za Ajax. Kwa zamu ya mwenzake alipata mwanya. Kwa zamu yake mwenyewe, ambapo alitakiwa kubeba, ujanja haukuwa na pa kushika.

Walipotaka kuanza mara ya tatu, Achilles akasimama akawazuia. Akaamua ushindi ni wao wote, wagawane zawadi sawasawa, waende zao. Sasa wagawaneje chungu cha ng'ombe kumi na wawili na mwanamke wa ng'ombe wanne? Mshairi hasemi. Yule mwanamke hatajwi tena. Inawezekana ni kweli kwamba wasikilizaji wa zamani hawakujali, lakini msomaji anayehesabu anaona kwamba uamuzi wa sare umewaridhisha wanaume wawili juu ya jambo ambalo haliwezi kukatwa katikati.

Je, Achilles alimdhulumu Odysseus? Ukihesabu maanguko, Odysseus ana moja safi, na la pili ni la wote. Refa wa leo angempa pointi. Jibu langu ni kwamba hapa tusimsome Achilles kama refa tu; naye ni mhusika, na kigezo chetu kinamkamata hata yeye. Utenzi mzima ulianza kwa zawadi: Agamemnon alimnyang'anya Achilles mwanamke aitwaye Briseis, aliyepewa na jeshi, na hasira ya tendo hilo ikawaua Wagiriki wengi, mwishowe na Patroclus mwenyewe. Mtu huyo ndiye sasa anayegawa zawadi. Hawezi kustahimili kuona mtu wa pili akiondoka na uchungu. Ndiyo maana kwenye magari ya farasi anataka kumpa zawadi ya pili Eumelus aliyefika wa mwisho, kwa kuwa alikuwa dereva bora aliyepata ajali. Ndiyo maana mwishoni anampa Agamemnon zawadi ya mkuki bila hata mkuki kutupwa. Uamuzi wake ni mbinu pia: anapigana na siku ile ya ugomvi.

Lakini si mara zote anagawa sawa, na hapa ndipo pambano la tatu linapotufaa. Ajax anasimama tena, safari hii na Diomedes, kwa mikuki na mavazi kamili ya vita. Atakayetangulia kufikia mwili wa mwenzake na kutoa damu atapata upanga wa Asteropaeus. Silaha za Sarpedon watagawana. Wanarukiana mara tatu. Ajax anaipiga ngao ya Diomedes katikati na kuitoboa, lakini deraya inauzuia mkuki. Ni Ajax yuleyule wa mieleka: moja kwa moja, uzito dhidi ya uzito. Diomedes hafanyi hivyo. Anajua ngao ya Ajax ni kama ukuta, basi juu yake anaitafuta shingo, tena na tena, kwa ncha ya mkuki.

Jamani, shingo! Sheria inataka damu kidogo tu. Mtu mwingine angelenga paja au mkono. Lakini Diomedes ndiye yule wa kitabu cha 5 aliyewajeruhi miungu wawili, Aphrodite na Ares. Hajui kupigana nusu. Jeshi linaogopa kwa ajili ya Ajax, linapiga kelele waache na wagawane sawa. Na Achilles? Anampa Diomedes upanga. Damu haikutoka, sheria haikutimia, umati umeomba sare, na bado yule yule aliyetoa sare kwenye mieleka anatoa mshindi hapa. Sina maelezo yanayonitosheleza kabisa. Ninachoweza kusema ni kwamba Achilles, aliyechagua maisha mafupi yenye sifa, anamtambua mtu asiyejua kupigana nusu; upanga ule anampa ndugu yake wa tabia.

Kigezo hiki kisigeuzwe kuwa kanuni ya kuigawia kila kazi alama. Yako mambo ulingoni yasiyotoka kwa mtu yeyote. Kwenye mbio za miguu, Odysseus anakimbia nyuma ya Ajax mwingine, mwana wa Oileus. Anamwomba Athena, naye Ajax huyo anateleza kwenye kinyesi cha ng'ombe waliochinjwa kwa msiba na kujaa mdomo. Watu wanacheka. Mtu atadai kwamba sala ni mbinu ya Odysseus. Pengine, kwa kuwa kujua umwombe nani na wakati gani ni ujanja pia. Ila kinyesi hakina tabia. Ni mchezo wa mshairi na hadhira yake, tuucheke tupite.

Wala tabia si kitu kilichoganda. Virgil, aliyemwiga Homer waziwazi katika Aeneid, kitabu cha 5, anatuletea bondia mzee Entellus, anayesukumwa ulingoni dhidi ya kijana Dares. Mbinu yake ya kwanza ni ya uzee: anasimama papo hapo, anakwepa kwa kiwiliwili na kwa macho, miguu haisogei. Kisha anarusha konde kubwa, Dares analikwepa, na mzee anaanguka kwa uzito wake mwenyewe. Anapoinuka si yuleyule. Aibu imemtia nguvu, anamkimbiza kijana uwanja mzima mpaka Aeneas anaingilia. Mbinu imebadilika katikati ya pambano kwa sababu kitu ndani yake kimeguswa. Ukitaka kumfundisha mwandishi chipukizi namna ya kuandika pigano, mpe kurasa hizo.

Nirudi kwa Ajax, maana yeye ndiye anayepotea kabisa ukihakiki kwa swali la nani mkali. Hesabu mashindano yake. Mieleka, sare. Silaha, ameokolewa na kelele za umati na upanga umekwenda kwa mwingine. Bonge la chuma, anawapita waliomtangulia, halafu Polypoetes anampita yeye. Mtu wa pili kwa ubora katika jeshi zima baada ya Achilles ameingia mashindano matatu na hakushinda hata moja peke yake. Hata duweli yake na Hector katika kitabu cha 7 ilisimamishwa na wapiga mbiu kwa sababu ya giza, wakaagana kwa zawadi. Hector akampa upanga. Kila mara Ajax anaweka uzito wake kwenye mizani, na kila mara kuna mkono wa mtu unaoizuia kabla haijasema.

Iliad haielezi yaliyofuata, lakini Wagiriki waliyajua. Achilles alipokufa, silaha zake zilishindaniwa na wawili walewale wa mieleka. Safari hii hapakuwa na Achilles wa kusimama katikati na kuamua sare. Silaha akapewa Odysseus. Katika tamthilia ya Sophocles iitwayo Ajax, yule jabari anatiwa wazimu na Athena, anachinja mifugo akidhani ni viongozi waliomdhulumu, na akili zikimrudia anajiangusha juu ya upanga, uleule wa Hector. Na katika kitabu cha 11 cha Odyssey, Odysseus anapokwenda kuzimu anamwona, anamwita kwa maneno laini, anamwambia kwamba anatamani asingeishinda kesi ile. Ajax hamjibu. Anageuka na kwenda zake gizani pamoja na wafu wengine.